Nimegawa kazi sawasawa, mbona mmoja anazidiwa?

"Ninaongoza timu ya wasanidi programu wanane. Tunafanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili. Kila mzunguko ukianza nakaa na orodha na kugawa tiketi, yaani kazi moja moja zilizoandikwa kwenye ubao wa timu, mpaka kila mtu afikishe pointi 10, ili asitokee wa kulalamika. Lakini wawili humaliza mapema na kukaa wakisubiri, wengine wana viporo mzunguko hadi mzunguko, na mkongwe wetu aliyejenga sehemu ya malipo anafanya kazi hadi usiku, ingawa kwenye ubao pointi zake ni zile zile 10. Leo ubao una tiketi kama 40 zilizoanzwa, na kwa wiki tunafunga kama 10. Meneja wangu anasema tuongeze watu watatu. Mimi nahisi tatizo ni mimi, sijui kugawa. Nigawe vipi ili mzigo uwe sawa?"

Ndugu yangu, usijilaumu haraka. Viongozi wengi wa timu ukiwauliza ni tiketi ngapi zimeanzwa na ngapi hufungwa kwa wiki, hufungua ubao na kuanza kuhesabu mbele yako. Wewe unazo namba hizo, na ndizo zitakazotusaidia. Ninavyolielewa swali lako, kinachokukera zaidi ni haki: kila mtu umempa sawa, halafu mmoja anaumia na wawili wanaonekana wamekaa bure. Nahisi pia umeshaanza kuwatazama hao wawili kwa jicho baya. Subiri kidogo, tutawafikia.

Tuanze na pointi. Pointi ni makisio ya ukubwa wa kazi, ambayo timu imekubaliana ili ijue kwa ujumla wake inaweza kubeba kiasi gani. Hazikutengenezwa kupimia mtu mmoja mmoja. Tiketi ya pointi 3 kwenye sehemu ya malipo ni kazi ya asubuhi moja kwa mkongwe wenu. Kwa aliyejiunga juzi inaweza kula wiki nzima, na siku mbili za mwanzo atazimaliza akitafuta tu ni faili lipi linahusika. Kwa hiyo unapompa kila mmoja pointi 10, unakuwa umegawa mizigo minane tofauti yenye namba moja juu yake. Tena kuna madhara yanayokuja polepole: watu wakishaona kwamba pointi ndizo zinazowapima, makisio yanaanza kuvimba. Kazi ya 2 inakuwa 3, ya 3 inakuwa 5, na baada ya miezi michache namba zenu hazisemi kitu tena. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu amejikinga tu.

Sasa mkongwe. Pointi zake ni 10 kwenye ubao, lakini chukua siku yake moja uipitie saa kwa saa. Asubuhi amepitia msimbo, yaani maandishi ya programu, wa watu watatu, kwa sababu mabadiliko yoyote ya malipo lazima yapite kwake. Kisha mwenzake amemwita dakika kumi, zikawa arobaini. Idara ya huduma kwa wateja imeuliza kwa nini muamala fulani umekwama, na yeye ndiye anayejua kumbukumbu za seva zilipo. Mchana kikao cha kupanga mfumo mpya, jioni usaili wa mwombaji kazi. Saa kumi na moja ndipo anafungua tiketi yake ya kwanza. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho kwenye ubao wako, na ndiyo maana ubao unasema yuko sawa na wenzake.

Kabla hujabadilisha chochote kwenye ugawaji, fanya hivi: kwa wiki moja kila mtu, wewe ukiwemo, aandike kwa makadirio tu saa zake zimekwenda wapi. Makundi manne au matano yanatosha: tiketi zangu, kupitia msimbo wa wengine, kusaidia wenzangu, dharura za mfumo, vikao. Waambie wazi kwamba hii haiingii kwenye tathmini ya mtu, na uitimize ahadi hiyo. Ukichukua makaratasi yale ukaenda kumsema mtu, hutapata tena taarifa ya kweli kutoka kwa timu hiyo. Nakwambia mapema: utakuta watu wawili au watatu wamebeba karibu kazi yote isiyoandikwa, na hutakuwa umewatarajia wote.

Chunguza pia ni akina nani. Utafiti wa mwanauchumi Linda Babcock na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la American Economic Review, ulionyesha kwamba kwenye vikundi mchanganyiko wanawake huombwa zaidi kufanya kazi zisizompandisha mtu cheo, na hukubali zaidi. Kwenye timu ya programu kazi hizo ni kuandika kumbukumbu za kikao, kumwelekeza mgeni, kurekebisha majaribio ya programu yaliyoharibika. Lazima zifanyike, lakini tathmini ya mwisho wa mwaka ikifika hakuna anayezikumbuka. Ukikuta kwako ni hivyo hivyo, acha kuuliza "nani atajitolea?" na uzipangie zamu. Anayejitolea huwa ni yule yule.

Baada ya hapo tuje kwenye utaratibu wenyewe wa foleni, maana hapa ndipo penye jibu lako.

Fikiria ofisi yenye dirisha moja la huduma. Watu wanakuja bila ratiba, na muda anaohitaji kila mmoja hutofautiana, kwa wastani saa moja. Mhudumu akiwa anashughulika nusu ya muda wake, anayefika atasubiri kwa wastani saa moja. Mhudumu akishughulika asilimia 80 ya muda, kusubiri kunafika saa 4. Akifika asilimia 90, saa 9. Akifika 95, saa 19. Hizi zinatoka kwenye hesabu ya kawaida ya foleni yenye mhudumu mmoja: unachukua sehemu ya muda anaoshughulika, unaigawa kwa sehemu aliyobakiwa nayo wazi. Jambo la kushangaza ni jinsi namba zinavyoruka mwishoni. Kutoka 80 hadi 95 umemwongezea mhudumu kazi kidogo tu, lakini umewaongezea wanaosubiri karibu mara tano.

Mkongwe wenu ndiye dirisha hilo. Ulipomjaza pointi 10 kama wenzake juu ya yale yote yasiyoandikwa, ulimsukuma kwenye asilimia 95 au kupita, na kila mwenye mabadiliko ya malipo akaanza kusubiri. Anayesubiri hakai tu, anafungua tiketi nyingine. Jibu la mkongwe likija, anaiacha hiyo ya pili, anarudi ya kwanza, anasahihisha, anaituma tena, anasubiri tena, anafungua ya tatu. Ndivyo watu wanane walivyofikisha tiketi 40 zilizoanzwa, tano kwa kila mtu. Wahenga walishasema mshika mbili moja humponyoka. Kwako kila mmoja ameshika tano.

Hapa inaingia kanuni ya foleni aliyoithibitisha mtafiti Mmarekani John Little mwaka 1961, nayo ni rahisi mno kwa jinsi inavyosaidia. Kwenye mfumo uliotulia, muda wa wastani wa kazi kukaa ndani ni idadi ya kazi zilizomo ndani ukigawa kwa idadi inayotoka kwa kipindi fulani. Mlio nazo ni 40, zinatoka 10 kwa wiki, basi tiketi ya kawaida kwenu inakaa wiki 4 toka ianzwe hadi ifungwe. Mzunguko wenu ni wiki mbili. Yaani hata kama kila mtu angefanya bidii isiyo na kifani, tiketi ya kawaida haiwezi kuisha ndani ya mzunguko ulioanzia. Viporo unavyoviona vimeumbwa na idadi ya vilivyoanzwa, na uvivu wa mtu hauhusiki. Punguza zilizoanzwa ziwe 16, mbili kwa kila mtu, na hata kama kasi yenu itabaki ile ile 10 kwa wiki, tiketi itakaa kama siku nane za kazi. Hujaajiri mtu, hujamkimbiza mtu.

Sasa tuwafikie wale wawili. Kumaliza mapema kunaweza kuwa na sababu tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Huenda ni wepesi kweli. Huenda unawapa kazi ndogo zilizonyooka kwa sababu ni wageni, na makisio yake ni ya juu kuliko kazi yenyewe. Au huenda wamemaliza sehemu yao na tiketi zao zimekaa kwenye foleni ya mkongwe, hivyo wameisha kwa upande wao lakini mteja hajapata kitu. Kaa na kila mmoja nusu saa uulize, bila sauti ya mashtaka. Kosa ambalo nakusihi usilifanye ni kuwapa tiketi mpya ili waonekane wana shughuli. Kila utakachofungua kipya kinaongeza foleni pale pale ilipojaa. Mwenye nafasi aulize kwanza: kuna kipi kilichoanzwa na mwenzangu ninachoweza kusaidia kikaisha? Apitie msimbo, aandike majaribio, akae na aliyekwama. Na ikitokea siku moja hana cha kusaidia, akasoma sehemu ya mfumo asiyoijua, hiyo nayo ni kazi. Timu iliyojazwa asilimia 100 haina pa kuwekea dharura, na dharura zitakuja tu.

Kuhusu nani agawe, njia ni mbili na kila moja ina gharama yake. Uliyonayo ni ya kusukuma: kiongozi anapanga, watu wanapokea. Uzuri wake ni kwamba unaweza kumlinda mtu, unaweza kumpa fulani kazi ya kumkuza, na mambo ya siri au ya usalama yanabaki kwa wanaohusika. Ubaya ni kwamba unakisia siku ya kwanza jambo ambalo litajulikana siku ya sita. Njia ya pili ni ya kuvuta. Kazi inakaa kwenye orodha moja iliyopangwa kwa umuhimu, na mtu akimaliza anachukua iliyo juu kabisa. Wazo hili lilikomazwa kwenye viwanda vya Toyota chini ya mhandisi Taiichi Ohno, na miaka ya 2000 likaingia kwenye timu za programu kwa jina lile lile la kanban. Mzigo unajisawazisha wenyewe, kwa sababu aliyezidiwa hachukui na mwenye nafasi anachukua. Ubaya wake nao upo. Kazi tamu zinakwisha haraka, zile chungu za mfumo wa zamani zinazungukwa kama zina ukoma. Mtu mwenye haya anaweza kukaa na kazi anazozijua mwaka mzima bila kujifunza kitu.

Kwa timu ya watu wanane ningechanganya. Sehemu kubwa ivutwe, kwa sheria mbili tu: mtu asiwe na zaidi ya tiketi mbili mkononi, na unachukua ya juu, huruki. Ukiona huiwezi, unaichukua pamoja na anayeiweza. Wewe ubakiwe na haki ya kugawa kwa jina kazi chache kila mzunguko, zile za kumkuza mtu na zile nyeti. Dharura za mfumo ziwe na mtu wa zamu, wiki kwa wiki, na wiki ya zamu asihesabiwe kwenye mpango kabisa. Asipopata dharura, vizuri, atasafisha hitilafu ndogo ndogo.

Sheria ya tiketi mbili itaumiza wiki ya kwanza, nikuambie ukweli. Watu watakuja na kusema "nimekwama kwenye zote mbili, niruhusu ya tatu". Usiruhusu. Kukwama kule ndiko unakotaka kukuona, kwa sababu hadi leo kulikuwa kunafichwa na tiketi ya tatu, ya nne na ya tano. Mtu akikwama kwenye zote mbili, hilo ndilo jambo la kwanza kwenye kikao cha asubuhi.

Hata hivyo, hakuna kati ya haya litakalodumu kama malipo yanabaki kichwani mwa mtu mmoja. Chora jedwali: kushuka chini, sehemu za mfumo wenu, kwenda kulia, majina manane. Weka alama anayeweza kurekebisha hitilafu pale bila kumwita mtu. Mstari wowote wenye alama moja tu ni hatari, na wala si hatari ya kufikirika: mtu huyo ataugua, atachukua likizo au atapata kazi kwingine. Chagua mstari mbaya kuliko yote, ambao bila shaka ni wa malipo, na kuanzia mzunguko ujao tiketi za sehemu hiyo zisichukuliwe na mkongwe. Zichukuliwe na mtu wa pili kwa ujuzi, mkongwe akiwa msaidizi wake mwenye saa zilizotengwa kwa kazi hiyo. Mwenye ujuzi akae pembeni na mikono yake iwe mbali na kibodi. Hili ni gumu kwao kuliko unavyofikiri. Wengi watakwambia "niache nimalizie, ni dakika tano", na ni kweli ni dakika tano, ndivyo mlivyofika hapo.

Gharama yake usiifiche kwa meneja. Kwa mizunguko miwili au mitatu kazi za malipo zitakwenda polepole kuliko sasa. Kama kuna tarehe isiyosogezeka karibu, kwa mfano badiliko la kisheria au mkataba, subiri ipite ndipo uanze. Isipokuwepo, usingoje wakati mzuri, maana hautakuja.

Tukija kwa wale watu watatu wa kuongeza, Fred Brooks, aliyewahi kusimamia ujenzi wa mfumo endeshi OS/360 pale IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Sababu zake unaweza kuzihesabu kwako. Watu wanane wana njia 28 za kuwasiliana wawili wawili; watu kumi na mmoja wana 55. Na wageni watatu watafundishwa na nani kuhusu malipo? Na yule yule ambaye dirisha lake limeshajaa. Kuajiri si kosa, na huenda miezi sita ijayo mtahitaji watu. Ila mwambie meneja wako kwamba ukiwaleta kabla hujafungua dirisha la pili, utakuwa umelipa mishahara mitatu ili kuirefusha foleni. Mpe namba zako, 40 na 10, na umwombe miezi miwili. Mameneja wengi huelewa namba haraka kuliko malalamiko.

Kuna mambo ambayo maelezo ya kuandikwa hayayatoshi. Ukishapunguza zilizoanzwa, ukatandaza ujuzi, na baada ya miezi mitatu tiketi bado zinakaa wiki nne, kaeni na mhandisi mzoefu kutoka nje ya timu, aje awatazame mkifanya kazi siku kadhaa. Mara nyingi atakuta kitu mlichokizoea hadi hamkioni, labda majaribio yanayochukua saa tatu kukimbia, au idhini ya kupandisha toleo inayotolewa mara moja kwa wiki. Kama kuna mtu hafanyi kazi kweli, hilo ni la kuzungumza ana kwa ana pamoja na idara ya rasilimali watu, na wala usilifiche ndani ya mpango wa kugawa upya tiketi.

La haraka kuliko yote ni mkongwe. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza uchovu wa kazi uliokithiri kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, likiueleza kuwa ni hali inayotokana na kazi na si ugonjwa wenyewe. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuwa baridi kwa kazi aliyokuwa akiipenda, na kuhisi hafanyi lolote la maana. Usimpime wewe, hiyo si kazi yako. Lakini ukiona halali, amekuwa mkali kwa watu aliokuwa akicheka nao, au anakosea mambo aliyokuwa akiyafanya akiwa amefumba macho, mwondolee pointi zote 10 mzunguko huu, mpe mapumziko ya kweli yasiyo na simu, na umshauri amwone daktari au mshauri nasaha. Zungumza naye kesho, kabla hujagusa ubao. Mwulize ni kazi gani tatu angependa zitoke mikononi mwake, na moja kati ya hizo itoke wiki hii.